Mapezi Yaliyosingwa

Mwezi uliopita tulikuwa chumbani kwa binti wa mdogo wangu, tunamsinga, yaani kumsugua mwili kwa singo ya manukato, maana harusi yake ilikuwa imekaribia. Mtu akafungua kopo la singo, na ile harufu ya asumini kavu, waridi, liwa na karafuu ikajaa chumba kizima. Wenzangu wakaanza kukumbushana harusi zao, nani alilia, nani aliolewa na mtu asiyemjua hata sura. Mimi nikabaki na kiganja kimejaa singo, namkumbuka baba yangu na roketi. Nilipowaambia walicheka hadi biharusi akatuomba tunyamaze. Basi wacha niyaandike, kwa nyinyi mliokuwa wadogo miaka ile, mnaojua jinsi mtoto anavyoweza kuamini jambo kwa moyo wake wote bila kumuuliza mtu.

Tulikaa Mkunazini, mjini Unguja, vyumba viwili vya kupanga katika nyumba kubwa kuukuu ambayo ngazi zake zilikuwa zimelika katikati kwa miguu ya watu. Baba yangu, Fundi Makame, alikuwa seremala. Kabla ya Mapinduzi alifanya kazi shamba, nje ya mji, upande wa Tunguu, kwenye kituo cha Wamarekani kilichokuwa kikifuatilia vyombo vinavyopita angani. Lori lilimchukua Darajani asubuhi na kumrudisha jioni. Yeye alitengeneza rafu, meza na milango tu, lakini alivyokuwa akisimulia ungedhani ndiye aliyeendesha mitambo. "Kuna mtu anaizunguka dunia ndani ya chombo," alituambia tukiwa tunakula, "na akifika juu ya Unguja, sie ndio tunaomsikiliza." Nilijiona mtoto wa mtu anayesikiliza mbingu, na hata shuleni nilitembea kwa maringo ya mtoto wa namna hiyo.

Kisha yakaja Mapinduzi, na miezi michache baadaye kituo kikafungwa. Kazi ya mwisho ya Baba ilikuwa kuwatengenezea wale wageni masanduku ya kusafirishia mitambo yao. Alirudi siku ile na bunda la vibao vyembamba, vyeupe, alivyopewa na mmoja wao aliyependa kuunda ndege za kuchezea. Balsa, alisema ndilo jina lake, mti wa nchi za mbali. Nilikishika kibao kimoja, nikakitazama kuhakikisha kwamba kweli nimekishika, jinsi kilivyokuwa chepesi. Mama akamuuliza habari za kazi. "Sanduku la riziki yangu nimelipigilia misumari mwenyewe," Baba alijibu, akaingia ndani akalala kabla ya Maghrib, jambo ambalo hatukuzoea kuliona.

Baada ya hapo hakushika tena msumeno. Mwanzoni watu walimletea kazi ndogo ndogo, kiti kilichovunjika, dirisha lisilofunga, naye akawaambia ataangalia, mpaka wakachoka wakaacha kuja. Mama ndiye aliyeishika nyumba. Alikuwa amefunzwa na bibi yake kutengeneza singo, akaanza kuwatengenezea watu, na haukupita muda jina la Bi Zuhura likawa linatajwa kila penye harusi mjini. Kinu kililia tangu asubuhi. Wanawake walipanda ngazi, hodi hodi, karibuni, na alasiri walipokuwa wengi Baba alikwenda juu ya paa, kwenye sakafu tuliyokuwa tukianikia nguo, akakaa huko peke yake kichwa kakiinua juu.

Hapo ndipo akili yangu ya kitoto ilipofanya kazi yake. Nilimwona Baba juu ya paa nikajua, wala sikushuku, kwamba anasubiri chombo kipite. Nikaendelea kufikiri. Wamarekani walikuwa wakisikiliza vinavyopita angani. Wameondoka. Basi hapana shaka hakipiti tena kitu, maana hata muuza samaki akikosa samaki hufunga meza yake akaenda nyumbani. Kikipita kitu watakisikia, watarudi, na lori litakuja Darajani kumchukua Baba. Kilichotakiwa ni mtu wa kurusha kitu hicho, kiruke juu kisawasawa mpaka kisikike, na kwa kuwa wengine wote nyumbani walikuwa na shughuli zao, niliona kazi hiyo ni yangu.

"Baba, nnaomba vile vibao."

"Vya nini?"

"Vya roketi."

Hata hakuuliza roketi gani. "Chukua. Havifai hata kutengenezea mbuzi ya nazi."

Kiwiliwili nilikitengeneza kwa karatasi ya mfuko wa saruji, nikaizungusha kwenye mpini wa mwiko na kuigandisha kwa wali uliopondwa. Kichwani nikakandika nta. Mapezi matatu ya mkiani nikayakata kwa wembe kutoka kwenye balsa, nikaona nimemaliza kazi. Wa kuirusha alikuwa Abudi, mtoto wa jirani wa chini, wa umri wangu, mwenye manati kubwa ya mpira wa baiskeli ambayo alijisifia nayo mtaa mzima. Tukaenda kiwanja cha Mnazi Mmoja. Abudi akavuta mpira mpaka mikono ikamtetemeka, akaachia. Roketi ikapanda kimo cha mtu mzima, ikatikisa kichwa, ikageuka na kumfukuza mwanamke aliyekuwa akipita na kapu la mchicha.

"Mbio za sakafuni!" Abudi alisema, na kwa kicheko alichokuwa nacho methali yenyewe ilimshinda kuimaliza.

Nilimnyang'anya roketi yangu nikarudi nayo nyumbani nimenuna. Njiani niliyapapasa yale mapezi. Moja lilikuwa nene kuliko wenzake, jingine wembe ulikuwa umelichimba, na yote yalikuwa na mifereji midogo midogo ya mti ambayo kidole kilikwama ndani yake. Nilijiambia kwamba ukiwa wewe ni upepo, utapita hapo kwa shida. Nikakata mengine.

Karatasi ya msasa ilikuwa adimu siku zile, kama vitu vingi madukani, lakini nilijua kwamba kabla ya karatasi mafundi walitumia majani ya mti wa msasa wenyewe, yale yanayokwaruza kama ulimi wa paka. Mama mmoja wa shamba aliyekuwa akituletea maua ya singo aliniletea fungu la majani hayo, akasikitika kidogo kwamba mtoto wa kike anaomba majani badala ya pipi. Nikasugua. Nilisugua nikitoka shule, nikasugua nikingoja chuoni zamu yangu ya kusoma Kurani, hata Maalimu akaniuliza kama mikono yangu ina upele. Mapezi yakalingana unene. Yakawa mazuri kuyatazama. Lakini nikiyapapasa, ile mifereji ilikuwa bado ipo, na vidole vyangu havikutaka kudanganywa.

Siku moja nilikuwa pembeni ya Mama akimhudumia biharusi mmoja wa mtaa wa Malindi aliyekuwa na hofu ya kila kitu. Mama alimsugua mkono kwa singo iliyotiwa marashi, akamtuliza. "Wacha wasiwasi, mwanangu. Ukishasingwa ukafunikwa ukaoshwa, hapa hata inzi atateleza."

Nilisimama pale pale. Hata inzi atateleza! Miezi yote ile nilikuwa nikilala chumba kimoja na dawa ya tatizo langu, na mimi nahangaika na majani.

"Mama, nnaomba makombo ya kinuni."

"Ya nini? Weye huolewi leo."

"Ya roketi."

Mama akawageukia wageni wake. "Jamani, njooni msikie, roketi inaolewa! Haya, mume ni nani, na nani kampokea posa?" Wanawake walicheka, mmoja akapiga kigelegele. Lakini Mama alikuwa tayari ameshaingiza mkono kinuni, na alinipa singo nyingi kuliko niliyoomba.

Niliyafanyia mapezi yangu kila nilichoona wanafanyiwa mabiharusi. Niliyatia marashi, nikayasinga pande zote kwa kiganja, nikayafunga katika kipande cha kanga yakalala hivyo mpaka asubuhi. Nilipofungua nilifikiri mtu amenibadilishia. Yalikuwa yamevimba. Yalikuwa manjano kwa dalia, ule unga wa rangi uliomo kwenye singo. Vinyweleo vilikuwa vimesimama juu yake kama kifaranga aliyetoka yaini, na moja lilikuwa limejikunja kama dagaa juani. Nikalia kwa sauti, tena kwa hasira, si kwa huzuni, maana nilijua kabisa nilitaka kumpiga nani: nilitaka kumpiga yule biharusi wa Malindi.

Baba alisikia akaja. Alichukua pezi moja akalinusa, akanitazama, akalinusa tena, kisha akacheka. Sikuwa nimemsikia Baba akicheka tangu siku ya masanduku, na ingefaa nifurahi, lakini nilikuwa na ghadhabu zangu.

"Usinicheke!" nilimwambia. "Mie angalau nnafanya kazi!"

Mama aliacha kutwanga. Kwa mtoto wa zamani kumwambia baba yake neno lile ilikuwa kujitafutia makofi, nami niliinamisha kichwa nikiyangojea. Hayakuja. Baba alichutama mbele yangu, akalipitisha dole gumba juu ya vile vinyweleo, polepole, kwenda na kurudi.

"Nani kakwambia uulowanishe mti?"

"Hapana mtu."

"Sikiliza, Kibibi. Mti una vinyweleo. Ukiusugua mkavu unavilaza tu, huvikati. Ukiulowanisha vinaamka. Hapo ndipo unapovikata. Kisha unaulowanisha tena, kidogo, kwa kitambaa, vinaamka vichache. Unavikata. Unakwenda hivyo hivyo mpaka siku unaulowanisha na haviamki." Alilirudisha pezi mkononi mwangu. "Umekosea marashi, na umekosea kuyafunga. Yaanikwe kivulini, chini ya jiwe, yasipinde. Lakini kulowanisha hukukosea."

Nilitegemea kwamba atakaa chini anifanyie. Akainuka, akaenda zake juu ya paa.

Basi nikafanya mwenyewe. Nilikata mapezi mapya, nikasugua, nikalowanisha, nikayalaza chini ya jiwe la Mama la kusagia liwa, jambo lililoniletea maneno kila alipolitaka jiwe lake. Kila nilipomaliza duru moja nilipanda nayo juu ya paa. Baba aliyachukua bila kuyatazama, akafumba macho, akapitisha kidole.

"Bado."

Nikashuka nikarudia. Nikapanda.

"Bado. Huku mbele paviringe, nyuma pawe pembamba. Jodari hana kona."

Nikashuka. Mengine yalivunjika mkononi kwa kusuguliwa mno, na kuna siku niliyatupa yote barazani nikaapa kwamba basi, kisha nikatoka kuyaokota kabla mbuzi wa jirani hajayafikia. Vinyweleo vilipokoma kuamka Baba aliniambia sasa nizibe ile mifereji: gundi ya mkorosho iyeyushwe iwe nyepesi kama maziwa, nichanganye na vumbi lile lile la balsa nililokuwa nikilipuliza dirishani kumbe nilitakiwa kuliweka. Nikapaka, nikaacha ikauke, nikasugua kwa jani lililokwisha makali. Nikapaka tena. Vidole vyangu vilikuwa na sugu, na Bi Zuhura alikuwa akiwaambia wateja wake kwamba binti yake ana mikono ya mchukuzi. Nilisikia kama amenisifu.

Alasiri moja Baba alifumba macho, akapitisha kidole, akarudia, akageuza upande wa pili. Hakusema bado. Alifumbua macho akalitazama pezi kwa mara ya kwanza. "Vyaelea vimeundwa," alisema. "Na vya kuruka vimeundwa zaidi. Haya, gandisha."

Siku ya kurusha nilimfuata nikiwa nimevaa nguo ya sikukuu. "Baba, twende."

"Nendeni na Abudi. Mtu mzima mie, watu watanionaje nnachezea vidude vya watoto?"

"Lazima uje. Wakirudi wasipokukuta watachukua fundi mwengine."

"Kina nani?"

Nikamweleza. Nilimweleza yote, nikashangaa kwamba mtu mwenye kazi kama ile anahitaji kuelezwa: kwamba Wamarekani wameondoka kwa kuwa hakipiti kitu, kwamba roketi yangu itapita juu kabisa na wao wataisikia, kwamba lori litakuja na yeye hatahitaji tena kukaa juu ya paa kusubiri. Hakucheka safari hii. Aliinuka, akachukua kofia yake msumarini, akashuka ngazi mbele yangu. Wateja wa Mama walikuwa wamekaa mpaka kwenye vidato, wakajivuta kumpisha. "Hujambo, Fundi?" mmoja alisema. "Sijambo, mama," Baba alijibu, na nikaona ameinamisha macho.

Mnazi Mmoja vijana walikuwa wakicheza mpira. Abudi alikamata manati, akavuta. Hakusema methali yoyote. Alipoachia sikusikia hata mvumo. Roketi ilipanda wima, haikutikisa kichwa, haikupepesuka, ilipita kimo cha minazi na ikaendelea kupanda, nyembamba, mpaka ikanibidi nikunje macho. Vijana wakasimamisha mpira wao. "Ya nani hiyo?" mmoja alipiga kelele. Ikasita huko juu, ikageuka kwa adabu, ikashuka kwenye nyasi upande wa pwani, na Abudi akaikimbilia kama kwamba ni yake.

Mimi sikuikimbilia. Nilikuwa nimegeukia barabara ya kwenda shamba. Nilikuwa na hakika kiasi kwamba niliinyoosha nguo yangu. Baba alikaa kwenye nyasi, nami nikakaa karibu yake, tukatazama barabara. Zilipita baiskeli. Likapita gari la ng'ombe, na gari moja lililobeba makumbi ya nazi. Abudi akaturudishia roketi akaitwa kwao. Vijana wakamaliza mpira wakaondoka.

"Kibibi," Baba alisema. "Hawaji."

"Pengine hawajasikia vizuri."

"Hawakuondoka kwa kuwa hakipiti kitu. Vinapita mpaka leo. Waliondoka kwa mambo ya wakubwa, mie na weye hatumo."

Nikashikwa na hasira ya kudanganywa. "Sasa kila siku juu ya paa ulikuwa ukitazama nini?"

Alikuwa akichuma nyasi moja moja na kuzitupa.

"Sikuwa nikitazama kitu. Nlikuwa nnajificha."

"Ukimkimbia nani?"

"Wageni wa mama'ko. Mwanamume mzima niko nyumbani alasiri, na mke wangu anatwanga. Nkiinua kichwa juu, hapana anayenitazama usoni."

Nikalia pale Mnazi Mmoja, na safari hii ilikuwa huzuni, ya kwanza ya kikubwa niliyoijua. Sikulia kwa ajili ya lori. Nilimlilia yeye, kwamba miezi yote ile alikuwa peke yake juu ya paa na mimi nikapita na vibao vyangu nikidhani anafanya kazi. Baba hakunibembeleza. Alichukua roketi mapajani mwangu, akalipapasa pezi moja kwenda na kurudi.

"Hata mie nlikuwa nnalisubiri lile lori," alisema. "Naona haya kukwambia. Kila asubuhi nlisikiliza." Alilipapasa la pili, na la tatu. "Kazi hii mafundi niliokuwa nao kule wasingeiweza. Umeifanya weye, kwa majani."

Adhana ikatukuta tukivuka barabara. Nyumbani Mama alipouliza imerukaje, Baba ndiye aliyejibu, akamwonyesha kwa mkono mpaka mkono ukagonga boriti.

Asubuhi yake niliamka nikakuta mkeka wa Baba umekunjwa. Mama alikuwa akipeta waridi kavu. Nilikwenda juu ya paa, hayupo. Nilikuwa nimeshaambiwa na kuelezwa, nimelia na nimeelewa, na hata hivyo moyo ukaniruka: wamekuja! Niliteremka ngazi mbili mbili nikatoka njiani bila viatu. Nilimwona mbali, karibu na kona ya kuelekea sokoni, kapu begani, msumeno umetokeza nje ya kapu. Alikuwa akisimama kwenye kila mlango uliokwisha funguliwa, akiamkiana na wenyewe, akiwauliza kama wana kitu cha kutengeneza, na watu waliokuwa wakinywa kahawa barazani wote wanamtazama.

"Baba!"

"Naam."

"Lori limekuja?"

Alilihamishia kapu bega la pili.

"Halikuja, mwanangu," alisema. "Nnakwenda kwa miguu."